Barua imefika au haijafika? Maswali yenu kuhusu rejista, risiti na saini

Safari hii maswali mengi yanahusu barua za karatasi, zile za bahasha na gundi. Nimeyafupisha kidogo.

Nilibandika stempu ya kawaida, nikaitumbukiza barua kwenye sanduku la nje. Nitajuaje ilipofika?

Hutajua, ndugu yangu. Barua ya stempu haina namba, na kisicho na namba hakiandikwi popote kinapopita. Mhuri uliogongwa juu ya stempu una tarehe, ni kweli, lakini mhuri huo umeondoka na bahasha: ushahidi anao mpokeaji, wewe huna kitu. Mpigie simu umuulize. Siku nyingine usiishie nje kwenye sanduku. Ingia hadi dirishani, na kabla hujatoa hela muulize karani: "Nikilipia hii, naondoka na nini mkononi?"

Dirishani niliambiwa kuna hakikisho la kutuma, kuna ufuatiliaji, kuna rejista, kuna EMS. Si vyote ni kitu kimoja tu?

Sivyo, na hapa ndipo watu wanapolipia wasichokihitaji. Hakikisho la kutuma linasema jambo moja: siku fulani uliikabidhi Posta bahasha yenye anwani fulani. Kama sharti ulilopewa ni "itumwe kabla ya tarehe", huenda hilo likakutosha, na kwa kawaida ni rahisi kuliko mengine yote. Ufuatiliaji unakusimulia safari: imepokelewa, imeondoka, imefika kituo fulani, imefikishwa. Lakini ufuatiliaji peke yake haumlazimishi mtu kusaini. Postamani anaweza kuiskani akaitia kwenye sanduku la mlangoni na kazi ikaishia hapo. Rejista ndiyo ya kukabidhiwa kwa saini. EMS ni huduma ya posta ya haraka, pale unalipia mwendo.

Watu hudhani iliyo ghali ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Kwa barua ya kuvunja mkataba au ya kujibu madai, mimi huchagua rejista hata kama itachelewa siku kadhaa. Ninachotaka pale ni saini.

Shikamoo. Nimeingiza namba ya rejista mtandaoni, naambiwa haipo. Nimetapeliwa?

Marahaba. Usimshuku mtu bado, ikague namba kwanza. Namba za Posta zinazovuka mipaka hufuata mtindo wa Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa mwaka 1874 wenye makao Bern, Uswisi. Zina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kama KE kwa Kenya au DE kwa Ujerumani. Herufi ya kwanza inakwambia aina ya huduma. R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi, V ni barua yenye bima. Ukiona U, usitarajie mengi. Mara nyingi namba hiyo imewekwa kwa ajili ya forodha tu.

Sasa utamu wake. Tarakimu ya tisa si ya kubuni, hutokana na nane zilizoitangulia. Tuseme nane hizo ni 12345678. Zizidishe moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Utapata 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63 na 56, jumla 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11 upate 5. Basi namba kamili itakuwa RR123456785 ikifuatiwa na herufi za nchi. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Hesabu ikigoma, ujue umenakili vibaya. Wenye makosa wengi niliowaona walisoma 1 kama 7, au wakaandika herufi O mahali pa sifuri.

Namba ikiwa sahihi na bado haionekani, huenda haijaskaniwa. Subiri siku moja mbili, kisha ijaribu pia kwenye tovuti ya Posta ya nchi inakokwenda.

Mtandao unasema "imefikishwa" tangu Jumatatu. Shangazi yangu anaapa hajaona barua yoyote.

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mara nyingi neno "imefikishwa" maana yake imefika kwenye anwani, si lazima mkononi mwa mtu mwenye jina lile. Rejista yangu mimi ilisomeka "imefikishwa" nikaitafuta siku nne, kumbe mlinzi wa jengo aliisainia akaihifadhi kwenye droo moja na funguo za lifti. Hakuwa na nia mbaya, alisahau tu.

Kwa hiyo shangazi aanze na mapokezi, mlinzi, jirani, na yeyote wanayechangia naye sanduku la posta. Wewe mtumaji uombe Posta jina la aliyepokea, tarehe, na nakala ya saini. Mara nyingi saini yenyewe ni mkwaruzo usiosomeka. Jina lililoandikwa kando yake ndilo litakalokusaidia. Ikishindikana, fungua ulizo rasmi ukiwa na risiti yako. Kwa barua za rejista za kimataifa, muda wa kuuliza ni miezi 6 kuanzia siku inayofuata ya kutuma. Usingoje wa tano uishe.

Kuna kikadi cha waridi naambiwa hurudishwa kwa mtumaji. Ni nini?

Ni taarifa ya kupokelewa, wengi huiita AR kutokana na Kifaransa, ambayo ndiyo lugha rasmi ya Umoja wa Posta. Huambatishwa nyuma ya bahasha, mpokeaji anaisaini, kisha kadi inarudi kwako kwa posta. Huombwa wakati wa kutuma, si baadaye. Andika anwani yako juu yake kwa herufi kubwa, maana kadi nayo hupotea njiani.

Nina mgogoro na mwenye nyumba. Nilimtumia notisi kwa rejista akakataa kuipokea. Na hata angepokea, si angesema bahasha ilikuwa tupu?

Swali lako lina mawili ndani yake. Kuhusu kukataa: bahasha itakurudia, ikiwa ya kimataifa huwa na kibandiko chenye sababu kwa Kifaransa. *Refusé* ni amekataa, *Non réclamé* ni haikuchukuliwa, *Inconnu* ni hajulikani. Tafadhali usiifungue. Bahasha iliyofungwa, yenye mihuri yake yote, ina uzito kuliko maelezo yako marefu. Kama sheria inahesabu kukataa kuwa ni kupokea, hilo muulize wakili wa huko mliko, kwa sababu nchi hazilingani.

Kuhusu bahasha tupu, umegusa penyewe. Saini inathibitisha bahasha, haithibitishi maneno. Japani Posta yao ina huduma ya kuthibitisha yaliyomo: unaleta nakala tatu zinazofanana, moja inatumwa, moja unabaki nayo, moja inabaki Posta. Pasipo na huduma hiyo, jisaidie. Omba kibandiko cha rejista mapema kama karani atakubali, andika namba yake juu ya barua yenyewe, "Kwa rejista namba fulani", kisha piga nakala. Mtu mwingine akuone ukiitia ndani na kuifunga, naye asaini kwenye nakala yako. Mwenye nyumba akija kudai ilikuwa tupu, atakuwa na kazi ya kueleza hiyo namba imeingiaje kwenye nakala ya tarehe ile ile.

Risiti ya Posta niiweke muda gani?

Mpaka jambo lenyewe liishe. Ila ipige picha leo leo: karatasi zile laini zinazochapwa kwa joto hufutika, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani hutapata hata namba ya kuulizia.