Mafuta ya mtoto mchanga: pima milimita kwanza, asilimia baadaye

Wanafunzi wa lishe wanaokuja kliniki kwetu kwa mafunzo huniuliza sana watumie kanuni gani kupata asilimia ya mafuta mwilini mwa mtoto. Huwa nawaambia wameanzia mwisho.

Mwili wa kichanga una maji mengi. Ukiyaweka mafuta kando, karibu asilimia 80 ya kinachobaki kwa mtoto aliyezaliwa karibuni ni maji. Kwa mtu mzima ni kama 73. Kanuni nyingi zinazozagaa zimetokana na watu wazima au watoto wa shule. Ndiyo maana ile mizani ya nyumbani inayopitisha umeme mdogo nyayoni na kukisia mafuta kutokana na maji ya mwilini haina la kusema kuhusu mtoto anayetambaa. Nimewahi kumkuta baba aliyepanda juu yake akiwa amembeba mwanawe, akatoa uzito wake, kisha akatoa na asilimia yake ya mafuta! Uzito sawa, hilo la pili halitolewi hivyo.

Kwa kazi ya kila siku natumia kaliperi, kile kifaa cha kubana mkunjo wa ngozi. Tunapima sehemu mbili: nyuma ya mkono wa juu, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, na mgongoni, chini kidogo ya pembe ya bapa la bega. Weka alama kwa kalamu, usikadirie kwa macho. Shika ngozi na mafuta yake kwa kidole gumba na cha shahada, kama sentimita moja juu ya alama, vuta kidogo ili msuli ubaki chini, kisha taya za kaliperi zikae kwenye alama yenyewe. Mkunjo usiuachie. Nyama ya mtoto mchanga ni laini, kwa hiyo mshale hautulii, unateremka kadiri unavyozidi kubana. Mimi husoma sekunde ya pili, nikihesabu kwa sauti, mwenzangu anaandika. Ukisoma leo sekunde ya pili na mwezi ujao ya tano, utadhani mtoto amekonda.

Usirudie palepale papo hapo. Nenda mgongoni kwanza, ndipo urudi mkononi. Mtoto akae mapajani kwa mama yake, na kaliperi uipashe moto kiganjani, maana chuma baridi kinamliza na mtoto anayejinyonganyonga hapimiki. Subiri anyamaze. Watu wawili wapime, kila mmoja bila kuona namba ya mwenzake, na tofauti ikizidi milimita 2, rudieni. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyofanya katika utafiti uliozaa viwango vyake vya ukuaji. Majedwali yake ya mikunjo hii, ya mwaka 2007, yanaanzia miezi 3 hadi miaka 5, na yanasomwa kwa milimita moja kwa moja. Asilimia haihitajiki.

Utepe wa MUAC, yaani wa kupima mzingo wa mkono wa juu, ni kazi nyingine. Unazunguka mafuta, msuli na mfupa kwa pamoja, na tunautumia kumkamata mwenye utapiamlo mkali, chini ya sentimita 11.5 kwa wa miezi 6 hadi 59.

Utafiti ukidai asilimia kweli, kuna PEA POD, kijumba anachoingizwa mtoto bila nguo kwa kama dakika mbili, mashine ikapima ujazo wake kwa hewa. Hata akilia si neno. Jimma, Ethiopia, wameitumia kwa watoto wengi. Shida ni bei, na kwamba mtoto akishafika kilo 8 hadi 10 haimfai tena. Njia nyingine ni maji yenye deuteri, yaani haidrojeni nzito: mtoto ananyweshwa kipimo, kisha mate yanachukuliwa kwa pamba baada ya saa kadhaa, ili kuona deuteri imechanganyika na maji kiasi gani mwilini. Hapo linda bibu, kile kitambaa cha kifuani. Ipime kabla na baada, kwa sababu matone anayotema yasipohesabiwa, mtoto ataonekana ana maji mengi kuliko aliyonayo, na mafuta yake yatapungua kwenye karatasi.

Na kwa wazazi: mtoto huzaliwa na mafuta machache, kisha hujaa upesi hadi kama robo ya uzito wake anapokaribia nusu mwaka. Mapaja yenye mikunjo mwezi wa nne ni jambo la kawaida, msimpunguzie kunyonya. Mkija kliniki, njooni na kadi yenye uzito na urefu wa miezi iliyopita, kwa sababu mstari wa kwenye kadi ndio ninaoutazama kabla sijagusa kaliperi.