Vijiko viwili vya oti havishushi lehemu

SWALI: Nilipima damu nikaambiwa lehemu (kolesteroli) mbaya, yaani LDL, imefika 4.1 mmol/L. Tangu hapo, miezi miwili sasa, kila asubuhi nanyunyiza vijiko viwili vya oti kwenye mtindi. Nimepima tena, namba ni ile ile. Au habari za oti ni porojo?

JIBU: Si porojo, ni kipimo chako kidogo. Kinachofanya kazi ni beta-glukani, ufumwele unaoyeyuka majini na kuwa utelezi mzito, ule unaoganda sufuriani uji ukipoa. Utelezi huo hunasa asidi za nyongo utumboni na kutoka nazo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, ambayo huivuta kutoka kwenye damu.

Unahitaji gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Oti zilizobanwa zina takriban gramu 4 katika kila gramu 100, hivyo kula gramu 75 hivi zikiwa kavu, karibu kikombe kizima, kwa mkupuo mmoja au kwa kugawa asubuhi na jioni. Vijiko vyako viwili havifiki hata robo ya hapo. Pumba za oti zina ufumwele mwingi zaidi. Gramu 50 zinatosha. (Shayiri ni nafaka nyingine, ingawa wengi huyachanganya majina. Nayo ina beta-glukani.)

Usiruke ghafla hadi kikombe kizima, tumbo litajaa gesi. Anza na nusu kwa wiki moja, na unywe maji ya kutosha. Upike kwa maji au maziwa yasiyo na mafuta. Ukitia siagi au krimu, mafuta yake yanapandisha LDL ile ile unayoishusha. Biskuti za oti zisikudanganye: oti ni chache, sukari na siagi tele.

Pima tena baada ya wiki 6. Tarajia LDL ishuke kwa asilimia 5 hadi 10, yaani kutoka 4.1 hadi kati ya 3.9 na 3.7. HDL, yaani kolesteroli nzuri, na trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, hazitasogea sana. Ikiwa daktari amekuandikia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, oti ziende pamoja na dawa. Bakuli la uji halichukui nafasi ya kidonge.