Printa ya waifai haionekani kwenye Linux: anza na mtandao, draiva baadaye

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwenzetu wa Malindi anasema amenunua printa ya waifai, simu yake inachapisha bila shida, lakini laptopu yake ya Ubuntu haiioni kabisa. Walomjibu wote wamemwambia atafute draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Mimi nina duka la kuchapisha na kupiga kopi hapa Langoni, Lamu, na kompyuta zangu zote ni za Linux, kwa hivyo jambo hili nalijua kwa mikono yangu.

Kaka, draiva iwache kwanza. Tangu Apple walipoleta AirPrint, njia yao ya kuchapisha bila waya kutoka kwenye simu, mwaka 2010, printa nyingi za waifai zinazotengenezwa hupokea kazi kwa utaratibu uitwao IPP, ambao hauhitaji draiva ya kampuni. Linux nayo inaufuata utaratibu huo kupitia CUPS, programu iliyoanzishwa na Michael Sweet, ikatolewa mwaka 1999, na mpaka leo ndiyo inayochapisha kwenye Ubuntu, Mint, Debian na Fedora. CUPS ina msaidizi aitwaye Avahi, ambaye kazi yake ni kusikiliza printa inapojitangaza mtandaoni. Avahi asiposikia kitu, printa haitatokea kwenye orodha, hata ushushe draiva za dunia nzima.

Sasa tazama simu yako. Imeungwa na waifai ya nyumbani, au imeungwa na printa yenyewe? Printa nyingi hurusha waifai yao ndogo, jina lake mara nyingi huanza na DIRECT. Simu hujiunga huko na kuchapisha, wewe ukadhani printa iko kwenye rauta kumbe haijafika. Laptopu iliyo kwenye rauta haiwezi kuiona. Ikiwa ndivyo, ingia kwenye menyu ya printa, chagua waifai ya nyumbani, weka nenosiri. Zingatia pia kwamba printa nyingi za bei ya chini hushika mawimbi ya 2.4 GHz peke yake. Ya 5 GHz haziyaoni.

Hapa kwetu kuna jambo jengine, na wenye nyumba za mawe watanielewa. Kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene, na mawimbi ya waifai huchoka mapema sana ndani yake, ya 5 GHz zaidi. Dukani kwangu rauta ilikuwa ghorofani, printa chumba cha ndani chini, kuta mbili katikati. Printa ilikuwa inaonekana, kazi inaanza kwenda, ukurasa unatoka nusu, halafu kimya. Niliihamisha printa hadi kando ya mlango unaotazama uwazi wa katikati ya nyumba, ambapo mawimbi hushuka bila kupita ukutani, na kurasa zikaanza kutoka nzima. Sikugusa kitu chochote kwenye kompyuta. Kwa hivyo kabla ya kuandika amri yoyote, isogeze printa karibu na rauta, ujaribu hapo.

Baada ya hapo, chukua anwani ya printa. Utaipata kwenye kioo chake au kwenye ukurasa wa taarifa za mtandao unaouchapisha kutoka menyu yake. Tuseme ni 192.168.1.50. Kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

ping 192.168.1.50

Isipojibu, tatizo bado liko mtandaoni. Hakikisha laptopu haiko kwenye waifai ya wageni, kwa sababu hiyo kwa kawaida hutenganisha vifaa visionane. Kisha fungua ukurasa wa rauta utafute kipengele cha AP Isolation, ambacho nacho huzuia vifaa visionane. Kikiwa kimewashwa, kizime.

Ikijibu, uliza CUPS inaona nini:

lpstat -e

Jina la printa likitokea, umemaliza, nenda ukachapishe. Lisipotokea, angalia kama Avahi anafanya kazi kwa systemctl status avahi-daemon, na kama fayawoli, ile kinga ya mtandao ya laptopu, haijaziba mlango 5353 wa UDP ambao Avahi husikilizia. Lakini mimi mteja akiwa amesimama kaunta anataka fomu zake awahi boti ya Mokowe, sihangaiki na Avahi. Naiingiza printa kwa anwani yake moja kwa moja:

sudo lpadmin -p Dukani -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Neno Dukani ni jina tu, weka unalotaka bila nafasi. Ile everywhere mwishoni ndiyo inayoiambia CUPS iulize printa yenyewe inaweza nini, badala ya kutafuta draiva. Usipopenda terminali, fungua kivinjari uende localhost:631, utapata ukurasa wa CUPS wa kufanya yayo hayo kwa kubofya.

Hapo ndipo wengi husimama, kisha stima inapotea usiku na asubuhi printa haichapishi tena. Rauta ikiwaka upya inaweza kuipa printa anwani nyengine, na CUPS inabaki kuita ile ya zamani. Dawa yake ni kuingia kwenye rauta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, na kuifungia printa anwani moja kwa namba yake ya MAC, ile inayokitambulisha kifaa chenyewe. Hili lifanye siku ile ile unayoiunga. Na kama foleni ya kazi za printa imesimama kwa sababu kazi zilishindwa kwenda, iamshe:

sudo cupsenable Dukani

Taa ikimweta na karatasi haitoki ilhali kila kitu kimeungwa, angalia saizi ya karatasi. Mara nyengine foleni huwekwa Letter, karatasi ya Wamarekani, na printa yenye A4 inakaa kusubiri. Andika sudo lpadmin -p Dukani -o PageSize=A4.

Draiva zina mahali pake: printa za zamani zisizojua IPP. Za HP, weka hplip kisha hp-setup na anwani ya printa. Baadhi ya modeli hudai pia hp-plugin. Za Epson nyingi hutosheka na printer-driver-escpr. Ikiwa printa ina skana, weka sane-airscan, ufungue simple-scan. Skana nazo kwa waifai zinafanya kazi vizuri.

Ukikwama, leta hapa jina kamili la modeli, toleo la Ubuntu, majibu ya ping na lpstat -e, na mistari ya mwisho ya /var/log/cups/error_log. Nikifunga duka baada ya Isha nitapitia.