Ubora wa ugunduzi pekee hautoshi
Sikubaliani na hoja kwamba ubora wa ugunduzi unatosha kulidumisha jina la mwanasayansi. Gregor Mendel, mtawa aliyetafiti jinsi sifa zinavyorithiwa, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866, akafariki mwaka 1884 bila wanabiolojia wengi kutambua uzito wa kazi hiyo, hadi mwaka 1900 ambapo Hugo de Vries na Carl Correns, waliokuwa wakitafiti urithi wa sifa za mimea, walipolirudisha jina lake mbele ya wataalamu. Kazi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba walipatikana watu walioihitaji. Rosalind Franklin naye, ambaye picha zake za eksirei zilisaidia kufahamu umbo la DNA, yaani molekuli inayobeba taarifa za urithi, alifariki mwaka 1958, na heshima anayopewa leo imetokana kwa kiasi kikubwa na waandishi waliokataa asahaulike.