Kabla hamjachangishana hela ya MRI ya goti la mzee, someni hapa kwanza

Juzi dada mmoja wa Kigamboni kanitumia meseji, mama yake goti limevimba ghafla, la moto, hakanyagi kabisa, wameambiwa wakapige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na ndugu wameshaanza kuchangishana. Akaniuliza, "Dada, hiyo MRI itaonyesha kama ni zile chembe za kalsiamu alizokutwa nazo baba yako?" Nilimjibu pale pale, ila nikaona jibu lenyewe ni refu, na najua wengi humu tuna wazazi wenye magoti mabovu na wote tunataka wazee wetu watembee, acha niandike kwa wote.

Kwa kifupi, MRI inaweza ikazionyesha, lakini sio kipimo cha kuanzia, na kuna wakati inawapoteza njia kabisa. Yametukuta nyumbani haya.

Mzee wangu ni mstaafu wa bandari, ujana wake kacheza sana mpira wa mchangani huko Temeke na goti la kulia aliwahi kuumia vibaya, likakandwa kandwa nyumbani likapona. Uzeeni sasa likaanza mtindo wake, analala mzima anaamka limevimba, ukiligusa anapiga kelele, linakaa hivyo siku kadhaa halafu linatulia lenyewe. Mtaani kila mtu akawa daktari, hiyo gauti hiyo, asile nyama, asile maharage, dagaa asiguse. Mzee akaacha mpaka supu yake ya asubuhi, akakonda, na goti likavimba tena vile vile. Asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti, ikipimwa, hata wakati goti limetulia, iko kawaida. Sasa gauti gani hiyo?

Ndo tukaenda hospitali moja ya binafsi, sitaitaja, tukaambiwa moja kwa moja MRI. Hakuna eksirei, hakuna kuvuta maji, MRI. Grupu la familia likawaka, kaka yangu katuma kutoka Mwanza, shangazi katoa hela yake ya kikoba, ikapatikana. Ripoti ikaja inasema meniskasi, ile gegedu ngumu ya katikati ya goti, imechanika, apasuliwe. Daktari aliisoma ile karatasi mwanzo mwisho na goti la mzee hakulishika hata kwa kidole, hicho kitu kinaniuma mpaka leo naandika hapa.

Mimi ndo mtoto wa kwanza, nikasema mzee hapasuliwi mpaka mtu anielezee goti lililochanika linakuwaje la moto vile halafu linapoa lenyewe. Nilisemwa sana! Shangazi akasema najifanya nimesoma kuliko madaktari. Nikasimama hapo hapo. Nikampeleka kwa daktari mwingine wa mifupa, mtu mzima, mtulivu, akaliminya goti taratibu, akauliza habari za mpira wa zamani, akaagiza eksirei ya kawaida tu ya magoti yote mawili. Ilipotoka akaiweka kwenye mwanga akanionyesha kamstari keupe kembamba kamepita katikati ya uwazi wa goti, pale ambapo kwa kawaida panatakiwa kuwa peusi patupu. Kalsiamu hiyo, imejikusanya ndani ya gegedu. Kisha akavuta maji ya goti kwa sindano yakaenda maabara, kwenye hadubini ya mwanga wa polaraizi vikaonekana vifuwele vifupi vya pembe nne, wakati vya gauti huwa virefu vyembamba vyenye ncha. Ni kalsiamu pairofosfeti, ndo zile chembe alizoniuliza yule dada. Nilituma majibu kwenye grupu, grupu zima kimya, hakuna aliyeandika neno mpaka kesho yake.

Sasa kwa nini MRI ya bei yote ile haikusema? Yule daktari alinieleza na baadaye nimesoma sana mwenyewe. MRI inafanya kazi kwa kusikiliza haidrojeni iliyopo kwenye maji na mafuta ya mwili. Vifuwele vya kalsiamu vina haidrojeni kidogo mno ya kusikika, kwa hiyo vinatokea vyeusi. Na meniskasi yenyewe kwenye MRI ni nyeusi tangu mwanzo, yaani unatafuta punje ya mkaa ndani ya masizi. Kibaya zaidi, mara nyingine kalsiamu ndani ya meniskasi inatoa mng'ao badala ya weusi, na mng'ao kwenye meniskasi ndo alama ile ile ya kuchanika. Msomaji wa picha ambaye hajapewa eksirei aone pembeni ataandika imechanika, na mzee wako anaingia tieta kupasuliwa.

Simaanishi MRI haina maana. Kwa kano zilizokatika, meniskasi iliyochanika kweli, mfupa uliojaa maji ndani, hakuna cha kuifikia. Na hata hivi vifuwele, kuna aina ya picha za MRI zinaitwa gredienti eko, hapo kalsiamu inavuruga sumaku kidogo na kale kadoa keusi kanaonekana kakubwa kuliko kalivyo, hasa kwenye gegedu laini inayofunika mfupa. Lakini lazima aliyeagiza aseme nini kinatafutwa, ukienda kimya unapigwa picha za kawaida tu.

Kwa hiyo ndugu zangu, ombeni eksirei kwanza. Narudia, eksirei kwanza, ni rahisi na ipo karibu kila hospitali ya wilaya hapa Dar. Altrasaundi nayo kwa mtu anayejua magoti inaviona vizuri, vinang'aa katikati ya gegedu, vya gauti vinakaa juu yake. Na goti likiwa limejaa, ombeni maji yavutwe, hicho ndo kipimo kinachomaliza ubishi, kwanza kinampa mgonjwa nafuu na pia kinaonyesha kama kuna bakteria. Goti la moto lenye homa sio la kusubiri michango, mpelekeni siku hiyo hiyo! Na kama MRI mlishapiga, ibebeni pamoja na eksirei zisomwe kwa pamoja.

Ila eksirei nayo isiwadanganye, inaweza ikawa safi na vifuwele vipo, na wazee wengi wanao huo mstari mweupe na hawaumwi chochote.

Dawa ya kuviyeyusha haipo, anayekuuzia mizizi ya kuyeyusha kalsiamu anakula hela yako. Mzee wangu goti likivimba anavutwa maji, anachomwa sindano ya steroidi, au anapewa kolchisini kidogo kwa maelekezo ya daktari maana figo za wazee ni za kuangaliwa. Maziwa anakunywa, hii kalsiamu haisababishwi na maziwa, na nyama amerudia.

Na kama mgonjwa wako hajafika miaka 60 na amekutwa na vifuwele hivi, msiishie gotini. Mwambieni daktari apime damu aangalie kalsiamu, magneziamu, madini ya chuma na homoni ya parathairoidi, ile inayoendesha kalsiamu ya damu, kwa sababu kwa watu wa umri huo mara nyingine shida imeanzia huko.