Simu Yako Mkononi mwa Askari: Maswali Yenu na Majibu

Tangu nilipoeleza hapa taratibu za kupekua nyumba, barua zinazonijia ni za simu tupu. Zimetoka kila pembe ya Lamu yetu: Mokowe, Mkomani, Mpeketoni, hata Faza. Nazijibu nikiwa karani wa mahakama aliyestaafu. Mimi si wakili, na mwenye kesi inayoendelea amtafute wakili.

Assalaam aleikum Mzee. Naendesha bodaboda hapa Mokowe. Juzi usiku askari alinisimamisha, akatazama leseni, kisha akaniambia, "Fungua simu." Nikafungua. Akasoma meseji zangu kama dakika kumi, akanirudishia. Nilikuwa na haki ya kukataa?

Waaleikum salaam kijana wangu. Ulikuwa nayo. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inakulinda usipekuliwe mwili, nyumba wala mali yako, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Haki hiyo ina mipaka, ndiyo, lakini mipaka yenyewe huwekwa na sheria. Haiwekwi na hamu ya mtu kujua umemwandikia nani usiku.

Sheria inayohusu simu moja kwa moja ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Kifungu cha 48 kinamtaka afisa mwenye sababu za kuamini kwamba kuna data inayohitajika katika uchunguzi aende kortini, aombe hati ya upekuzi. Nimezishika hati za namna hiyo miaka mingi. Afisa huja na kiapo chake, na katika ombi lazima aseme anatafuta nini, wapi, na kwa kosa gani. Nakumbuka ombi moja ambalo mahali pa kueleza kitu kinachotafutwa paliandikwa neno moja tu, "ushahidi". Hakimu alilizungushia duara kwa kalamu nyekundu akanirudishia, bila kusema lolote. Afisa alirudi baada ya saa mbili na karatasi iliyojazwa sawasawa, akapewa hati yake. Saa mbili tu.

Polisi wana ruhusa pia ya kupekua bila hati pale ambapo kungoja kungeharibu uchunguzi, na hata hapo wanatakiwa waandike sababu zao. Kukagua leseni ya pikipiki hakufiki huko.

Tatizo lako ni kwamba ulifungua mwenyewe. Ukifungua, atasema uliridhia. Siku nyingine sema mara moja, kwa upole, mikono ikionekana: "Afande, simu hii hapa, lakini sikubali ifunguliwe bila amri ya korti." Akiichukua, usivutane naye. Shika jina lake na nambari yake, nenda kituoni ukaombe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Na usifute kitu chochote mbele yake wala nyuma yake, kwa sababu kuharibu ushahidi ni kosa linalojitegemea, hata kama lile la kwanza hukulifanya.

Baba, mwanangu ameshikwa kwa tuhuma za bangi, na siku hiyo alikuwa ameazima simu yangu. Kesi yake ataibeba mwenyewe. Lakini humo mna picha za harusi ya binti yangu, siku ya kupamba, sisi wanawake peke yetu, vichwa wazi. Sipati usingizi. Nifanyeje? (Mama wa Mkomani)

Mama yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Watu wengi wakisikia "haki ya faragha" hudhani ni kinga ya wahalifu. Wewe hushukiwi chochote. Wala wale kina mama waliopigwa picha na hina mkononi na asumini kichwani hawashukiwi chochote. Bado wote wamo kwenye mfuko mmoja wa nailoni, kwenye kabati la vielelezo.

Angalia nyumba zetu za kale zilivyojengwa. Mgeni hupokewa dakani, kwenye baraza la mlangoni. Aliyezoeleka zaidi hukaribishwa msanani, ukumbi unaofuata. Ndani kabisa, mwanamume asiye maharimu hafiki, hata awe rafiki wa miaka arubaini. Aliyejenga alijua kwamba kumruhusu mtu kufika mahali fulani si kumruhusu kufika kila mahali. Simu haina daka. Aliyefungua kutafuta meseji ya mnunuzi wa bangi, kidole kikiteleza kidogo tu, yuko chumbani kwenu.

Jambo hili liliwafikia majaji wa Marekani pia. Mwaka 2009 kule San Diego, kijana aitwaye David Riley alisimamishwa akiendesha gari lililopitwa na tarehe ya usajili. Polisi waliichukua simu yake, wakaipekua, wakakuta picha na video zilizomhusisha na genge na kesi ya ufyatuaji risasi. Serikali ilisema kupekua simu ya aliyekamatwa ni kama kupekua mfuko wake. Tarehe 25 Juni 2014, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikataa. Walisema simu imebeba maisha mazima ya mtu, na polisi wanaotaka kuiangalia waende wakaombe hati. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Kenya, ila wakili wako anaweza kumsomea.

Cha kufanya ni hiki. Mtafute wakili mapema, apeleke ombi kortini kwamba simu ni yako na si ya mshtakiwa. Nenda na risiti, na sanduku lake kama bado unalo. Aombe upekuzi uwekewe mipaka: mazungumzo yanayohusu tuhuma, ya tarehe zinazotajwa, na si picha. Kama lazima picha ziguswe, aombe ziangaliwe na afisa mwanamke. Sheria inataka mwanamke apekuliwe mwili na mwanamke mwenzake. Kuhusu simu haikusema, lakini ombi kama hilo hakimu anaweza kulisikiliza, na mimi naona ni ombi la haki kabisa. Na ukisikia picha hizo zimeonyeshwa mtu asiyehusika, hilo ni la kulalamikia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ofisi iliyowekwa na sheria ya 2019, na kwa IPOA inayosimamia mienendo ya polisi.

Nyinyi watetezi wa simu mnamtetea nani? Sisi wa Mpeketoni tulizika watu wetu 2014. Laiti simu za wauaji zingefunguliwa kabla! Mimi nasema polisi wafungue simu yoyote wanayoitaka.

Ndugu yangu, pole, na pole haitoshi. Usiku ule wa 15 Juni 2014 na uliofuata ziliondoka roho zaidi ya sitini, na kuna watoto waliokua bila baba kwa sababu yake. Jirani zetu wa Malindi nao mwaka 2023 waliona miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Hakuna mwenye akili atakayesema katika mambo kama haya simu zisipekuliwe. Mimi nataka zipekuliwe, tena upesi, na watu wanaojua kazi.

Na sheria imewafungulia njia. Katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, afisa wa cheo cha inspekta mkuu (Chief Inspector) au zaidi anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kunasa mawasiliano, bila mshukiwa kuarifiwa. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014, Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyopanua zaidi uwezo wa vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ya washukiwa wa ugaidi. Mahakama Kuu ilipoichambua sheria hiyo Februari 2015 ilifuta vifungu vinane, lakini uwezo huo wa kunasa iliuacha usimame, ikisema una manufaa ya kweli kwa umma. Kwa hiyo usiambiwe kwamba Katiba imewafunga polisi mikono mbele ya magaidi.

Tunachotofautiana ni hilo neno "yoyote". Ibara ya 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utaondolewa kama kuukubali kungeharibu haki katika kesi au kuudhuru uendeshaji wa haki. Maana yake, afisa aliyeruka hatua ya saa mbili anaweza kumpa wakili wa muuaji mlango wa kutokea. Nimekaa kortini nikaona familia ya marehemu ikitoka nje baada ya ushahidi kukataliwa. Walikuwa wamekuja na chakula kwenye kikapu, wakijua kesi itachukua siku nzima. Walirudi nacho, hakijaguswa. Sitaki wewe uone hilo.

Liko na jingine. Vijana wa Lamu waliosimamishwa na kupekuliwa simu bila sababu baada ya kila shambulizi, ni hao hao tunaotaka kesho waende polisi kusema, "Nimeona watu nisiowajua msituni." Aliyedhalilishwa haji.

Nitumie alama ya kidole au nambari?

Nambari, tena ya tarakimu sita au zaidi, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kidole kinaweza kushikwa kikabonyezwa ukiwa umelala au umefungwa pingu. Nambari imo kichwani. Simu ikizimwa na kuwashwa upya, mara ya kwanza huitaka nambari na si kidole. Uingereza wana sheria ya mwaka 2000 ambayo mtu akipewa amri ya kutoa nywila akakataa, anaweza kufungwa hadi miaka 2, na hadi 5 kwa kesi za usalama wa taifa. Hapa kwetu aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza kwa Ibara ya 49, na mshtakiwa ana haki ya kutojitia hatiani kwa Ibara ya 50.

Mzee, mimi ni fundi simu hapa mjini. Mara kwa mara huletewa simu na watu wanaosema ni maafisa, niwafungulie. Hawana karatasi. Nikikataa naogopa, nikikubali naogopa.

Ogopa zaidi kukubali. Sheria ile ya 2018, kifungu cha 14, inasema anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na simu imo humo, anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Aliyekuletea hatakuwa kizimbani nawe.

Halafu fikiria kazi yenyewe. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba njia ya haraka ya kuifungua simu iliyofungwa ni kuiflashi, na ukiiflashi umefuta kila kitu. Ushahidi umekufa hapo mezani pako, kati ya bisibisi na kikopo cha spiriti. Hata usipoiflashi, wakili atauliza: nani aliishika, saa ngapi, aliongeza nini, alitoa nini? Ushahidi wa kielektroniki huendana na cheti, kwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulivyopatikana na chombo kilichoutoa. Nani atakitia saini, wewe?

Wajibu hivi: "Niletee hati ya korti, au ipelekeni kwa wataalamu wenu wa uchunguzi wa kidijitali." Usione haya. Mwaka 2016 Apple wenyewe, walioitengeneza simu, waliikatalia FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Simu ilikuwa ya mmoja wa wauaji wa watu 14 huko San Bernardino, Desemba 2015. FBI walikuwa na amri ya hakimu. Walitaka Apple waandike programu ya kuondoa kinga inayoweza kufuta data baada ya kukosea nambari mara kumi. Apple walisema programu hiyo ikishaandikwa, hakuna simu itakayobaki salama. Mwezi Machi serikali ikaondoa ombi, baada ya kupata mtu mwingine wa kuifungua. Katika kesi ile mimi nilikuwa na moyo mzito, kwa sababu hati ilikuwapo na waliouawa walikuwa watu wasio na hatia. Wewe hata hati huletewi.

Ni kweli kwamba polisi hupata habari zangu bila kuigusa simu?

Ni kweli. Kampuni ya simu inajua umempigia nani, lini, kwa muda gani, na simu yako ilikuwa karibu na mnara upi. Rekodi za M-Pesa nazo zipo. Kwa kifungu cha 50 cha sheria ya 2018, korti inaweza kuiamuru kampuni izitoe. Maneno yenyewe ya WhatsApp ni jambo jingine: tangu 2016 husafiri yakiwa yamefungwa, kampuni haiyasomi. Lakini yakishafika kwenye simu ya mwenzako, siri yako iko mkononi mwake.

Msidharau habari za minara. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2018 iliamua kesi ya Timothy Carpenter, ambaye rekodi zake za siku 127 zilikuwa na alama 12,898 za mahali alipokuwa. Majaji 5 dhidi ya 4 walisema hata hizo zinahitaji hati. Mtu anayejua umelala wapi siku 127 anajua msikiti wako, daktari wako, na nyumba usiyotaka itajwe.

Simu yangu iko kituoni tangu kabla ya Ramadhani. Mimi ni mvuvi wa Faza, wateja wangu wote wako humo. Kesi haijaanza. Nitaipata?

Nenda kortini, omba irudishwe. Polisi wanaruhusiwa kuishikilia mali kwa uchunguzi, ila wanapaswa kuitunza na kuieleza korti kwa nini bado wanaihitaji. Mara nyingi nakala ya data inatosha, na unaweza kumwomba hakimu aamuru hivyo. Nenda na nambari ya OB na karatasi uliyotia saini siku ilipochukuliwa. Kama hukupewa karatasi, sema hivyo hivyo mbele ya hakimu.

Na ninyi ambao simu zenu bado ziko mikononi, bonyezeni *#06# sasa hivi. Itatokea nambari ya tarakimu 15, IMEI, inayoitambulisha simu yako. Iandikeni kwenye daftari, daftari likae nyumbani.