Nyundo ya mjusi iko wapi?

"Shikamoo Mwalimu. Nafasiri muhtasari wa utafiti wa masikio, pua na koo, na nimekwama kwenye sehemu ya wanyama. Kichwa nimekiandika 'Maendeleo ya sikio la kati katika wanyama'. Ile mifupa midogo mitatu nimeiita nyundo, fuawe na kikuku, lakini mhariri anataka maliasi, inkasi na stapesi. Anasema majina yangu ni ya karakana. Tena kuna sentensi isemayo nyundo ya mjusi iko kwenye taya, nayo hata mimi hainikai vizuri. Nani yuko sahihi?" (Mfasiri, Morogoro)

Marahaba. Kabla ya mifupa, tukitazame kichwa chako, maana hapo mhariri angekuwa na haki ya kulalamika na hakulalamika.

Neno maendeleo limeshachukuliwa. Msomaji akiliona anafikiri barabara, zahanati na mikopo ya vikundi, na "maendeleo ya sikio la kati" litamfanya ajiulize mradi umefadhiliwa na nani. Utafiti wako unazungumzia kiungo kinavyopata umbo ndani ya kiinitete, yaani mnyama angali tumboni au ndani ya yai, na hilo lina kitenzi chake: kuumbika. Napenda kiambishi hicho cha -ik-, kwa sababu kinaeleza kitu kupata umbo bila kumtaja wa kukiumba. "Kuumbwa" kungeleta mjadala mwingine ambao si wa gazeti la sayansi. Andika basi "Sikio la kati la wanyama linavyoumbika". Hilo "katika wanyama" nalo liache. Sikio ni la mnyama.

Usilibadili kuumbika kwa kukua, ingawa vinakaribiana. Mtoto wa binadamu huzaliwa mifupa hii mitatu ikiwa na ukubwa unaokaribia kabisa ule wa mtu mzima. Imekwisha kuumbika, na tangu hapo haikui kwa kiasi cha kutajwa. Kinachokua ni mrija unaotoka sikio la kati kwenda nyuma ya pua na koo: kwa mtoto ni mfupi na umelala, na hiyo ni sababu mojawapo ya watoto kuugua sikio la kati mara kwa mara kuliko wakubwa. Ukiandika "ukuaji" kwa vyote viwili, tofauti hiyo imepotea. Na pale muhtasari unaposimulia vizazi kwa mamilioni ya miaka, tumia mageuko.

Sasa mifupa. Mhariri wako anakataa nyundo ya Kiswahili, kisha anapokea nyundo ya Kilatini. Malleus ni nyundo, incus ni fuawe ya mhunzi, stapes ni kikuku cha kukanyagia apandaye farasi. Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikuu cha maumbile ya mwili mwaka 1543, aliijua miwili ya kwanza. Wa tatu uliongezwa miaka michache baadaye na Ingrassia, tabibu wa Kiitalia aliyefundisha Napoli. Nao walichungulia karakana na zizi la farasi kama wewe. Zaidi ya hapo, "maliasi" litasomwa na wengi kama maliasili iliyodondosha herufi mbili. Nyundo, fuawe na kikuku yabaki. Upatanisho wake: nyundo imeshikana na kiwambo (utando unaopokea sauti), fuawe imeungana na nyundo, kikuku kimekaa kwenye kidirisha cha sikio la ndani. Mara ya kwanza andika "mfupa wa nyundo", kwa sababu "nyundo ya panya" ikisimama peke yake inasikika kama silaha ya kuulia panya.

Kikuku kina bahati kuliko wenzake. Wasomaji wako wengi hawajapanda farasi, ila kikuku cha mguuni au mkononi wanakijua, na kwa elimu ya viinitete picha hiyo inafaa kuliko ya Kilatini. Mfupa huu una tundu, na katika kiinitete mshipa wa damu hupita humo kama mkono unavyopita kwenye kikuku. Kwa binadamu mshipa huo hutoweka mapema, tumboni mwa mama. Kwa panya haupotei: panya mzima bado ana ateri iliyopenya kikuku chake. Ingrassia aliona umbo la mfupa mkavu tu; Kiswahili, bila kukusudia, kimempa mfupa huo kitu cha kuzunguka.

Picha hiyo hiyo inakugeuka ukifika kwa ndege. Kuku, mamba, mjusi na chura wana mfupa mmoja tu wa kupeleka sauti ndani. Asili yake ni moja na ya kikuku chetu, lakini kwa kuku ni kijiti kilichonyooka, na kikuku kisicho na tundu ni neno linalojipinga. Wataalamu huuita kolumela, yaani nguzo ndogo. Andika kolumela, au kiguzo ukipenda, na uelekeze mara moja kwamba ndio unaolingana na kikuku cha mamalia. Majina haya yametokana na sura ya sikio la binadamu. Ukiyavusha kwenda kwa mnyama mwingine, angalia kama sura imevuka pia.

Hapo ndipo tunafika kwa mjusi wako. Sentensi "nyundo ya mjusi iko kwenye taya" ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya miili. Mwaka 1837 Mjerumani Karl Reichert, akichunguza viinitete, alionyesha kwamba nyundo na fuawe za mamalia zinatokana na tao la kwanza la koromeo, moja ya mikunjo ya shingoni mwa kiinitete, lile lile linalotoa taya, na kwamba zinalingana na mifupa miwili inayofanya bawaba ya taya la mjusi. Kikuku kinatoka tao la pili. Visukuku, yaani mabaki ya wanyama wa kale yaliyogeuka mawe, vilivyochimbwa baadaye vilionyesha hatua za katikati: Morganucodon, mnyama mdogo wa kale, alikuwa na viungo viwili vya taya kwa pamoja, cha zamani na kipya.

Kosa la sentensi yako liko kwenye jina. Mjusi hana nyundo iliyokaa mahali pasipo pake. Ana mfupa wa taya unaofanya kazi ya taya. Nyundo ni jina alilopewa mrithi. Urejeshi wa Kiswahili unatosha kulimaliza jambo hili: "mfupa wa taya la mjusi ambao kwa mamalia umekuwa nyundo". Ni ndefu, najua. Mhariri akitaka kuikata, akate kwingine. Na usiandike "taya liligeuka sikio", kwani taya lipo bado. Ni mifupa yake miwili iliyohama.

Kwa oposamu, yule mnyama wa Amerika anayezaa vitoto vichanga mno, utalazimika kuwa mwangalifu zaidi. Kitoto huzaliwa kiungo cha taya cha kimamalia kikiwa bado hakijaumbika, naye hana budi kunyonya. Kwa muda huo taya lake huegemea mifupa ambayo baadaye itakuwa ya kusikilizia. Kwa hiyo "mifupa ya sikio" ni jina lililotangulia kazi. Katika aya hiyo ningeandika "nyundo na fuawe, ambazo bado hazijaachana na taya", kisha baadaye "zilipoachana nalo".

Kuhusu kiwambo hukuuliza, lakini naona mahali pengine umeandika "ngoma ya sikio". Watu husema hivyo na hueleweka. Hata hivyo ngoma ni chombo kizima, na kilichowambwa juu yake ni kiwambo. Hili jina limetokana na kazi, halina taabu ya kikuku, na linavuka kwa wanyama bila kuvunjika. Watafiti waliolinganisha viinitete vya panya na kuku wamekuta kiwambo cha panya kinategemea upande wa taya la chini, cha kuku upande wa taya la juu, yaani kila ukoo ulijipatia chake. Vyote vimewambwa, vyote ni viwambo. Nyoka hana kabisa. Ana kolumela iliyounganika na taya.

Limebaki neno panya. Kwetu panya ni huyu mdogo na yule mkubwa, na kwa msomaji wa Morogoro, panya anayetajwa pamoja na utafiti na pua ni panya buku wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayenusa mabomu na kifua kikuu. Muhtasari wako unamhusu Mus musculus. Mwite panya mdogo wa maabara, angalau mwanzoni.

Na pale ulipoandika "kabla ya siku ya 12 hivi mtoto wa panya hasikii", ongeza neno sauti. Kitoto hicho kinasikia baridi, kinasikia njaa, na harufu ya maziwa ya mama yake kinaisikia tangu siku ya kwanza.